Ukuta Wenye Milango: Mhadhara wa Kisumu kuhusu Tishu ya Epithelia

Wahudumu wenzangu wa afya, nawashukuru kwa kufika kabla jua la Kisumu halijakolea. Nitazungumzia tishu ya epithelia, yaani utando wa seli unaoufunika mwili kwa nje, unaotanda ndani ya mirija na mifuko yake, na unaounda tezi kama zile za jasho na mate. Seli zake hubanana pasi na nafasi, wala hazipitiwi na mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni na chakula huzifikia kwa kupenya kutoka tishu iliyo chini. Ndiyo maana mkwaruzo hafifu wa ngozi hautoki damu.

Shuleni tulikaririshwa majina ya maumbo ya seli hizi: bapa, mchemraba, nguzo, ya tabaka moja au ya matabaka mengi. Mimi napendelea kuanza na kazi. Kisigino cha mvuvi wa Dunga kimerundika matabaka ya seli bapa, za juu zikiwa zimekufa na kujaa keratini, yaani protini ngumu, kwa kuwa kazi yake ni kustahimili msuguano. (Hata hivyo, viluwiluwi vya kichocho huipenya ngozi kwa dakika chache tu majini.) Vifuko vya hewa mapafuni, kinyume chake, vina tabaka moja jembamba, kwa sababu oksijeni haina budi kupita. Seli za mchemraba zimo katika mirija ya figo, na zile za kibofu hutandazika kinapojaa, hapo sitakaa.

Nitakaa kwenye utumbo mwembamba. Seli zake ni za nguzo, tabaka moja, kila moja ikiwa imeota vinyweleo vidogo mno vya kufyonzea chakula, nazo huondoka na kupisha nyingine kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Bakteria wa kipindupindu, ugonjwa usio mgeni kando ya ziwa hili, hawaubomoi ukuta huo. Hukaa juu yake na kumwaga sumu inayoilazimisha seli itoe kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, bila kukoma. Sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa mahututi aweza kupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku.

Linalonistaajabisha ni kwamba seli ile ile ina mlango mwingine, unaoingiza glukosi, yaani aina ya sukari, pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi, ambao sumu haiufungi. Maji matupu hayatoshi. Yakitiwa sukari na chumvi, viwili hivyo huingia pamoja na kuyavuta maji nyuma yao.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza mbona tunampa sukari mtoto anayeharisha, ilhali soda humzidishia. Alikuwa ameona sawasawa, kwani sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni. Kipimo cha nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Pakiti ya zahanati ya mchanganyiko huo (ORS) ikipatikana, mpeni hiyo kwanza, maana ina potasiamu pia.