Ukijua raia wamejificha wapi

Ndugu zangu asanteni kwa kuja, leo nataka tuongee kitu kimoja tu, taarifa ya watu wako wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza raia anakimbilia kanisani, shuleni, kwa jirani, na kinachomlinda pale ni kwamba anayemtafuta hajui alipo. Sasa mwandishi wa habari anajua. Hapo ndo kazi yetu inapokuwa nzito.

Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, miziki mizuri, utani mwingi, vijana wakaipenda kweli. 1994 mauaji yalipoanza redio hiyohiyo ikawa inasoma majina ya watu, wanapokaa, mpaka namba za magari, na wale waliosimama kwenye vizuizi barabarani wanasikiliza. Hebu fikiria umejificha halafu unasikia unatajwa! Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ikawatia hatiani Nahimana, profesa wa historia, na Barayagwiza, mwanasheria, wote waanzilishi wa redio ile, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Wasomi jamani. Rufaa ya 2007 iliwapunguzia adhabu, ila aliyepata nafuu kuliko wote bado alibaki na miaka 30.

Siku hizi ni simu. Mtu anapiga picha familia zimelala darasani, kibao cha shule kinaonekana nyuma, anaposti kwa nia njema kabisa ili msaada uje, na jioni kila mwenye bunduki kashajua pa kwenda. Mimi nasema kibao kikatwe na habari isubiri mpaka watu wahame, wenzako wakikutangulia wakutangulie tu.

Ila kunyamaza nako kunaua, maana anayekimbia asiposikia habari hajui njia ipi ni salama. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa kule Kongo, tangu 2002 inatangaza kwa Kiswahili na Kilingala na lugha nyingine za watu wenyewe, na waandishi wake wawili waliuawa kwa risasi Bukavu, 2007 na 2008. Wakati kisheria mwandishi ni raia kama raia mwingine, Azimio 1738 la Baraza la Usalama la 2006 limelisema hilo waziwazi, na likalaani pia uchochezi wa ukatili dhidi ya raia.

Kwa hiyo ukiambiwa barabara fulani imefunguka usiishie kwa msemaji wa jeshi, mtafute aliyepita asubuhi hiyo, muulize ameona nini, ndo utangaze, tena kwa lugha ya wanaokimbia, na urudie rudie maana wengine wanabania betri, redio wanaiwasha dakika chache tu.