Ilikuwa Inaumwa Nini Hata Ukaipasua?

Mabibi na mabwana, wazee wangu wa Ngamiani hapa Tanga, na ninyi mliofunga safari kutoka Pongwe na Chumbageni, nawashukuru kwa kuja. Wanaonifahamu wanajua kwamba jambo hili nimekwisha kulisema madukani, misibani na hata kwenye foleni ya wakala, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta au simu, kama Windows au Android. Swali ninaloletewa kila wiki ni moja: kifaa kinataka kusasishwa, je, nikubali au nikiache kama kilivyo? Na muulizaji huwa amekwisha kuchagua upande. Wapo wanaobonyeza kila kinachojitokeza kwenye kioo kabla hawajakisoma, na wapo walioapa kwamba kifaa kinachofanya kazi hakiguswi. Mimi nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikamtia hasara dada yangu, na hasara hiyo ikamsukuma yeye upande wa pili.

Dada yangu ana steshenari Ngamiani. Wakati ule alikuwa na kompyuta moja yenye Windows 7, na printa kubwa aliyoinunua ikiwa imetumika, nzito kama gunia la chumvi, ambayo ilikuwa inamlishia watoto. Mwaka 2016 Windows 10 ilikuwa inatolewa bure kwa wenye Windows 7, na ofa hiyo ilikuwa inaisha mwezi Julai. Neno "bure" lilinitia wazimu. Nikamwendea Jumamosi jioni, sikumuuliza anatumia nini wala sikuhifadhi nakala ya mafaili yake pembeni, nikaweka mfumo mpya usiku ule na kurudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Jumatatu saa mbili asubuhi akaja mwalimu na mitihani ya mikondo minne. Kompyuta iliwaka vizuri, ikapendeza macho, ila printa ikawa kama haimo chumbani. Ile programu ya kuiendesha, ambayo mafundi tunaiita draiva, mtengenezaji alikuwa ameacha kuitoa kwa mifumo mipya, na hakuna dua wala matusi yaliyoweza kuizalisha. Mwalimu alisubiri hadi saa tano, akachukua flashi yake, akavuka barabara kwenda duka la jirani, na mpaka leo bado ni mteja wa jirani. Dada yangu hakunifokea. Alinitazama tu, akasema: "Kaka, hebu niambie, ilikuwa inaumwa nini hata ukaipasua?"

Sikuwa na jibu. Bahati nzuri, wakati ule mtu aliruhusiwa kuurudisha mfumo wa zamani ndani ya mwezi mmoja, nami nikaurudisha. Lakini yeye alikwisha kujifunza somo, tena alijifunza vibaya: akamwamuru kijana wake azime masasisho yote, makubwa na madogo, na akatangaza kwamba atakayeigusa kompyuta ile atafute kazi kwingine.

Mei 2017 ndipo dunia ilipopata habari za WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Uingereza hospitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Watu wengi bado wanadhani walioumia ni wenye Windows XP, ile ya mwaka 2001 iliyokuwa imeachwa bila huduma tangu Aprili 2014. La hasha. Sehemu kubwa ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao ulikuwa bado unahudumiwa, na kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba tundu kilimopita kirusi kile, kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla ya maafa. Walioumia hawakuponzwa na ukongwe wa mfumo. Waliponzwa na kutoupokea ule msaada uliokuwa umekwisha kuletwa mlangoni. Usiku ule nilikwenda dukani kwa dada yangu karibu kwa kukimbia, nikakuta kompyuta yake haijapokea kiraka hata kimoja kwa muda unaokaribia mwaka. Haikuwa imeshambuliwa. Nikakaa hapo hadi usiku wa manane, nikalila bando langu lote, naye amesimama nyuma yangu ananiuliza kama hiki nacho kitaua printa.

Hakikuua, na sababu yake ndiyo ninayotaka muondoke nayo. Kiraka cha usalama ni kitasa kinachobadilishwa baada ya kujulikana kwamba ufunguo umeangukia mikononi mwa mwizi. Nyumba inabaki ile ile na vyombo vinakaa vilipokuwa. Toleo jipya ni kuhamia nyumba nyingine, na anayehama ni lazima kwanza apime kama kitanda chake kitapita mlangoni. Mimi mwaka 2016 nilimhamisha dada yangu bila kupima kitanda, na yeye kwa hasira akakataa kubadilisha hata kitasa. Yapo masasisho ya usalama yaliyowahi kuharibu kitu, sikatai, lakini ni machache, na mwenye nakala ya mafaili yake hutengeneza akaendelea.

Namwona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema, kwa sababu ameniambia mara tatu: mashine za korona za kuchakata mkonge katika mashamba ya mkoa huu zimedumu miaka na miaka bila mtu kuzisasisha. Ni kweli, mzee wangu, na ninaziheshimu. Lakini korona haipokei ujumbe kutoka kwa mtu isiyemjua. Mwizi anayetaka kuiharibu itambidi afike shambani kwa miguu yake na apambane na mlinzi. Simu iliyomo mfukoni mwako inazungumza na dunia nzima hata ukiwa umelala, nayo ndiyo imebeba pesa zako. Usiulize kifaa kina umri gani. Uliza kinazungumza na nani, na kama aliyekitengeneza bado anakiletea viraka.

Wengine husema kwamba makampuni yanatumia masasisho kutulazimisha tununue vipya, na siwezi kuwaita waongo. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochoka, na ilieleza kwamba lengo lilikuwa kuzizuia zisizimike ghafla. Baada ya kelele za wateja ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Tazameni basi: watu wangapi walinunua simu mpya, kumbe walihitaji betri? Kabla ya kukitupa kifaa, kipeleke kwa fundi. Hata mitambo ya analojia ya televisheni ilipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, wengi wetu hatukuzitupa televisheni zetu za chogo. Tulinunua king'amuzi, tukaendelea kutazama mpira.

Mwadhini ameshaanza, na nimeutumia muda wangu kwa habari za dada yangu kama kawaida, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbio. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye nayo anaweza kujiandikisha apate viraka vya nyongeza hadi Oktoba 2026, au aweke Linux, mfumo endeshi mwingine ambao ni bure na huenda vizuri kwenye mashine kongwe, lakini apime kitanda kwanza. Kwa simu za Android, fungueni mipangilio, mtafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ni ya miaka miwili iliyopita, simu hiyo ibaki ya muziki na picha, na laini ya pesa ihamie kwingine, hata ikiwa ni kwenye kitochi. Anayenunua simu aulize itahudumiwa miaka mingapi. Samsung na Google wameahidi miaka saba kwa baadhi ya simu zao za bei kubwa, lakini simu nyingi za bei nafuu tunazouziwa huku hazifiki hapo. Suala la bando nililiandalia kurasa mbili, nazo nimezifunga.

Mnaotaka nisome tarehe za simu zenu nitakuwa hapo barazani baada ya sala. Na kwa wale wanaoniuliza kila mara, printa ya dada ingali inachapa. Inaendeshwa na kompyuta ile ile yenye Windows 7, iliyochomolewa kwenye intaneti, na flashi za wateja hupitishwa kwanza kwenye kompyuta nyingine. Waya wa mtandao ameukata mwenyewe kwa mkasi wa dukani.