Leo Mara Ngapi? Mazungumzo juu ya Kuishi na Ugonjwa wa Crohn

HAMISI: Karibuni wasikilizaji wetu. Katika kipindi cha leo mwenzangu, dada Rehema, atakuwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja. Kwa miaka mitatu tumekaa pamoja mbele ya vipaza sauti hivi, na mara nyingi ameinuka katikati ya kurekodi akisema kwamba anakwenda kupokea simu. Nakiri mbele yenu kwamba niliwahi kumwambia fundi wetu wa sauti kuwa dada huyu hana nidhamu ya kazi. Dada Rehema, leo umesema utatueleza ile simu ilikuwa ya nani.

REHEMA: Asante, kaka Hamisi. Ile simu ilikuwa choo. Ninaishi na ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe wa kudumu katika njia ya chakula, na siku ukiamka unaweza kunipeleka msalani mara kumi na mbili kabla ya adhuhuri. Sikukuambia kwa sababu sisi tumelelewa kuona kwamba mambo ya choo hayasemwi mbele za watu, achilia mbali mbele ya kaka ambaye si wa tumbo moja nami.

HAMISI: Umelitaja tumbo, na nadhani hapo ndipo shida inapoanzia, maana neno hilo linabeba mizigo mingi.

REHEMA: Mingi kupita kiasi. Ukisema unaumwa tumbo, kila anayekusikia hujichagulia maana anayoitaka. Mmoja atasema umekula kiporo kilichoharibika, mwingine atadhani uko katika siku zako, bibi atasema ni chango na kuanza kutafuta mizizi, na shangazi atafurahi akiamini kwamba sasa atapata mjukuu. Wengi watakuambia una vidonda vya tumbo na watakutajia jina la mtu aliyepona kwa juisi ya kabichi. Hakuna hata mmoja atakayefikiria ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inaushambulia utumbo wenyewe kwa miaka na miaka. Hatuna jina la Kiswahili la ugonjwa huo, na kisicho na jina ni vigumu sana kuaminiwa.

HAMISI: Hata hilo jina tunalotumia ni la mtu. Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha makala iliyoueleza ugonjwa huu katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Walikuwa Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, na kwa kuwa majina yalipangwa kwa alfabeti, Crohn alitangulia na ugonjwa ukabaki kuwa wake.

REHEMA: Alfabeti hiyo ilinitesa sana mwaka 2020. Nilikuwa nikisema nina Crohn, watu wanasikia korona, na kiti cha jirani yangu kinabaki kitupu.

HAMISI: Kabla ya kufika huko, ilichukua muda gani kujua kwamba ni ugonjwa huu?

REHEMA: Miaka minne. Kwanza nilipimwa damu kwa kile kipimo cha Widal, nikaambiwa nina taifodi, nikanywa dawa. Baada ya miezi miwili nikaambiwa nina taifodi tena. Kisha ikawa amiba, nikameza metronidazoli mpaka kila nilichoonja kikawa na ladha ya chuma. Kisha wakasema ni wale bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za aina tatu kwa pamoja. Kila mara nilipata nafuu kidogo, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kulala na kuamka wenyewe, na kila nafuu ilimthibitishia aliyenitibu kwamba alikuwa amepatia. Nilikuja kufanyiwa kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, yaani kolonoskopi, baada ya kupungua kilo kumi na nne na damu yangu kushuka hadi nikaanguka bafuni.

HAMISI: Na kamera ikamaliza ubishi?

REHEMA: Hapana, kaka. Kamera ilionyesha vidonda mahali ambapo utumbo mwembamba unaungana na utumbo mpana, jirani na kidole tumbo, na mahali hapo hapo ndipo kifua kikuu cha tumbo hupenda kukaa. Hata vipande vya nyama vilivyokatwa na kupelekwa maabara vinaweza visimpe daktari jibu la wazi. Nilitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita. Siwalaumu kwa hilo, kwa sababu katika nchi zetu kifua kikuu ndicho kilicho karibu zaidi, na dawa za kutuliza kinga akipewa mtu mwenye kifua kikuu kisichotibiwa zinaweza kumuua. Ninachowalaumu baadhi yao ni ile Widal ya tatu, ya nne na ya tano.

HAMISI: Nimesikia ukisema dawa za kutuliza kinga. Hebu tueleze.

REHEMA: Hapo sasa ndipo Kiswahili kilipogeuka kuwa mtego. Ninameza azathiopirini kila siku, na kazi yake ni kuipunguza nguvu kinga ya mwili ili iuache utumbo upumzike. Siku moja kazini mwenzangu aliniuliza vidonge hivyo ni vya nini, nami nikamjibu kwa ukweli kwamba vinapunguza kinga mwilini. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nilitamani kuyarudisha. UKIMWI ni nini kwa kirefu chake? Ni upungufu wa kinga mwilini. Kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa imeshaelewa kwa nini Rehema amekonda. Mimi sioni kwamba kuishi na virusi ni aibu, na nina ndugu wanaoishi navyo na wana afya kunishinda. Lakini nilichoka kuhurumiwa kwa ugonjwa nisio nao huku ule nilio nao ukiitwa uvivu.

HAMISI: Mimi nilikuwa miongoni mwa waliouita uvivu, kwa sababu jana yake nilikuona ukicheka harusini.

REHEMA: Ulinikuta nikicheka, ni kweli, na hukujua kwamba siku mbili kabla ya harusi ile sikula chakula kigumu, ili niweze kukaa saa nne bila kuinuka. Watu huona ile saa ambayo tumeigharamia, na saa zilizoilipia hawazioni. Tena kuna wakati mwili unadanganya kabisa. Ugonjwa ukiamka kwa nguvu napewa prednisoloni, ambayo inatuliza uvimbe haraka, lakini nayo inaujaza uso mpaka unakuwa mviringo. Ndipo kila ninayekutana naye barabarani ananipongeza: umenawiri, dada, shemeji anakutunza! Nilipokuwa na nafuu na mwembamba wananishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini nina nini. Na prednisoloni haiachwi ghafla hata ukichoka na pongezi, kwa kuwa mwili unakuwa umeacha kujitengenezea homoni yake. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kama daktari atakavyoelekeza.

HAMISI: Tuitazame siku ya kawaida. Unatoka Mbagala kwenda mjini asubuhi. Unajipangaje?

REHEMA: Kichwani nina ramani ya vyoo vyote vya Barabara ya Kilwa. Najua kuanzia Rangi Tatu hadi Uhasibu ni kituo kipi cha mafuta kinaruhusu mpita njia, ni msikiti upi wenye vyoo visivyofungwa asubuhi, na ni choo kipi cha kulipia ambacho mtunzaji wake hana chenji. Ndiyo maana kipochi changu kina sarafu za mia mbili na mia tano muda wote, pamoja na nguo moja ya ndani ndani ya mfuko mweusi. Daladala ikijaa mpaka watu wamesimama mlangoni, naiacha ipite, hata kama nimechelewa, kwa sababu kutoka nyuma ya gari hadi mlangoni kunaweza kuchukua dakika ambazo mimi sina. Naamka saa kumi ya usiku ili utumbo umalize ghasia zake nyumbani kabla ya safari.

HAMISI: Na safari za mbali?

REHEMA: Mabasi ya mikoani yana ile desturi ya kuchimba dawa, ambapo abiria wote wanashushwa porini, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Desturi hiyo inamfaa mtu ambaye kibofu chake kinafuata ratiba ya dereva. Mimi nilikuwa nafunga kula tangu jana yake, na nikifika Dodoma nina njaa, kizunguzungu na hasira. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, wenzangu wanaisifia kwa mwendo wake, nami naisifia kwa sababu ina choo ndani.

HAMISI: Kuhusu chakula, wasikilizaji wengi watataka kujua.

REHEMA: Kila mtu ana tumbo lake, kwa hiyo nitasema yangu tu. Sehemu moja ya utumbo wangu imesinyaa kwa makovu, na makande, mahindi ya kuchoma au kisamvu kisichopondwa vizuri vinaweza kukwama hapo na kunilaza kwa maumivu. Ugonjwa ukiwa macho nakula wali laini, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha na ugali wa sembe. Unaweza kufikiria mihadhara ninayopewa kwa kula sembe, wakati dunia nzima imeshahubiriwa dona! Pia siku hizi sinunui diklofenaki dukani nikiumwa mgongo, maana daktari alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kuuamsha ugonjwa. Na mwezi wa Ramadhani, siku ambazo siwezi kufunga, nanywa uji jikoni mlango ukiwa umefungwa. Aya ya 184 ya Sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Tatizo ni majirani, ambao huona ruhusa hiyo ni ya mgonjwa aliyelazwa.

HAMISI: Ni mahali gani ambapo umeona ugumu kuliko kote?

REHEMA: Msibani. Nyumba moja, choo kimoja, watu mia mbili, na wanawake tumekaa mkekani tumebanana. Alipofariki baba yangu mdogo niliinuka mara saba kabla ya maiti kutolewa. Kila nilipoinuka niliwaruka wafiwa, na mara ya nne nilisikia mtu akisema kwamba huyu amekuja kutembea. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa pale hapakuwa mahali pa kuanza kueleza utumbo. Nilikwenda kukaa nje karibu na karo, na mazishi ya mtu aliyenisomesha niliyasikiliza kutoka uani.

HAMISI: Pole sana, dada.

REHEMA: Nimepoa. Siku hiyo ndiyo iliyomfanya mama yangu abadilike, kwa sababu naye alikuwa mkekani na aliyasikia yale maneno. Kabla ya hapo, kila asubuhi alinipigia simu na kuniuliza hujambo, na lugha yetu unaijua, kaka Hamisi: mtu akikuuliza hujambo huna njia nyingine ila kusema sijambo, hata kama umeshikilia ukuta. Tuliendelea hivyo miaka yote, mimi sijambo, yeye alhamdulillahi, tukakata simu. Wiki ile ya msiba ilipokwisha alinipigia saa kumi na mbili, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Leo mara ngapi?"

HAMISI: Bila kuzunguka.

REHEMA: Bila kuzunguka kabisa, mwanamke ambaye hajawahi kulitaja neno choo mbele ya wakwe zake. Nami nikamtajia idadi. Tangu siku hiyo ndiyo salamu yetu.

HAMISI: Na leo ulimjibu nini?

REHEMA: Leo nilimwambia mara tatu, naye akasema basi Jumapili niende, atanipikia pilau isiyo na pilipili.