Kwa Nini Sasa Ninasema Hadharani

Shikamooni wazazi wangu, na ninyi wa rika langu, habari za huko Arusha. Ninazungumza nanyi kutoka Hamburg, na leo sitaeleza habari za viza wala kodi za vyumba kama mlivyozoea kunisikia. Mimi ni mwanamke transijenda, yaani nilipozaliwa niliandikwa mtoto wa kiume, lakini tangu nipate akili ninajijua kuwa mwanamke. Baadhi yenu mlikwisha kulijua hilo. Jambo jipya ni kwamba kuanzia sasa nitatetea haki za watu kama mimi kwa uso wangu na kwa jina langu.

Mama yangu mdogo wa Sanawari, ambaye hajawahi kunifungia mlango, aliniuliza kwa uchungu: "Mwanangu, umeshafika salama. Kwa nini usitulie ukaishi maisha yako?" Swali hilo limetoka kwenye mapenzi, nami nataka kulijibu mbele yenu nyote.

Hapa Ujerumani, tangu tarehe 1 Novemba 2024, mtu mzima hutangaza jinsia yake na jina lake katika ofisi ya usajili, bila kwenda mahakamani na bila kupimwa na wataalamu wawili kama ilivyokuwa zamani. Msidhani kwamba Wazungu walizaliwa na huruma hiyo. Hadi Januari 2011, Mahakama ya Katiba ilipoliondoa sharti hilo, sheria ya nchi hii ilimtaka mtu kama mimi afanyiwe upasuaji wa kumwondolea uzazi kabla ya kubadilishiwa karatasi zake. Watu waliteseka, wakashitaki, wakaandamana, ndipo sheria ikabadilika.

Nyumbani, mtu anaweza kubadili jina kwa hati ya kisheria, lakini hakuna sheria inayomwonyesha njia ya kurekebisha jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Taifa. Anayesikia hivyo anaweza kuona ni jambo dogo la makaratasi. Basi afikirie dada mwenye gauni na sauti ya kike anayekwenda kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki au kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya watalii, halafu kitambulisho chake kinasema ni mwanamume: karani anamwita mwenzake, mwenzake anamwita mlinzi, na watu waliopanga foleni wanaanza kunong'ona. Mwaka 2017 Serikali ilivizuia vituo 40 visitoe huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa. Kwa transijenda wengi, kupoteza mahali ambapo mhudumu hakushangai ni sawa na kupoteza tiba yenyewe.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba madai haya yametoka ughaibuni. Audrey Mbugua ni mwanamke transijenda, tena Mkenya, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpatie cheti cha sekondari chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Botswana iliamuru mwanamume transijenda abadilishiwe jinsia kwenye kitambulisho chake. Na sisi wa Arusha, ambao mji wetu umelipa jina Azimio la 1967, tulifundishwa tangu shuleni kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Maneno hayo yamo hata katika Ibara ya 12 ya Katiba yetu, na sijaona mahali palipoandikwa isipokuwa transijenda.

Hata hivyo, mama mdogo ana haki ya kuogopa, kwa sababu mimi nikisema huku, anayeweza kuadhibiwa ni aliye huko. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia matendo ya kujamiiana kinachoyaita "kinyume cha maumbile", tena kwa kifungo kisichopungua miaka 30, wala hakitaji kuwa transijenda. Lakini mtu akionekana tofauti hushukiwa kabla hajatenda lolote. Kwa hiyo sitaonyesha sura ya mtu aliye nyumbani, sitatoa sauti yake wala sitataja mtaa wake, hata kama yeye mwenyewe ameniruhusu katika saa ya ujasiri. Wala sitamshauri kijana yeyote ajitangaze kwa wazazi wake ili kunifurahisha mimi niliye mbali. Mtetezi asiyelinda hilo anajitafutia sifa kwa mgongo wa wenzake.

Madai yangu ya kwanza yanahusu jengo ambalo baadhi yenu mnalipita kila siku. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo Arusha tangu 2007, na Watanzania ndio waliofungua kesi nyingi kuliko raia wa nchi nyingine. Novemba 2019 Serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda huko moja kwa moja. Mlango huo ulifungwa kwa mfungwa, kwa mfugaji, kwa mjane na kwangu mimi pia. Ninaiomba Serikali ilirejeshe tamko hilo, na ninawaomba mawakili wa Arusha walidai pamoja nami.