Kilomita Ni Zilezile, Saa Zinabadilika

Wazazi wetu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa Kisumu, hamjambo. Nimekuja na uzi na tufe la dunia kwa sababu ya dada yangu. Mwanawe alipanda ndege Nairobi kwenda New York, mwezi wa Januari, saa 5:25 usiku. Tiketi ilisema atatua saa 12:25 asubuhi. Dada akahesabu saa 7. Kufika saa 3 asubuhi, simu haijalia, akaanza kulia yeye. Kumbe kijana yuko angani, na bado ana saa 5 na zaidi za kuruka.

Safari ile huchukua kama saa 15. Majira ya baridi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo saa 12:25 yao ya asubuhi ni saa 8:25 yetu ya mchana. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Zigeuze zote ziwe saa za nyumbani, ndipo utoe. Sikumweleza dada mapema, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tuje kwenye umbali. Njoo, mwanangu, shika uzi hapa Nairobi, mwenzako ashike New York, mkaze. Katikati yake ni wapi? Karibu na Marrakech, kule Moroko! Kwenye ramani ya ukutani, rula ingepita kusini zaidi, juu ya Mali. Ramani ni mviringo uliolazwa ukawa bapa, haiwezi kusema kweli kila mahali. Uzi ndio unaoonyesha njia fupi: kama kilomita 11,800.

Kenya Airways ilipoanza safari hiyo ya moja kwa moja, Oktoba 2018, kwenda kulipangiwa kama saa 15, kurudi kama 14. Njia ni ileile, sasa saa moja imekwenda wapi? Wengi hunijibu, "Dunia inazunguka, mwalimu." Hapana. Ukiwa ndani ya matatu ya Ahero iliyoshika mwendo, rusha sarafu juu: itarudi mkononi mwako, haitaruka hadi kiti cha nyuma. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia.

Waulizeni wavuvi wa Dunga. Kabla ya alfajiri upepo wa nchi kavu husukuma tanga kuelekea ziwani; alasiri upepo wa ziwa huwarudisha. Anayekwenda kinyume cha upepo hutoka jasho kwa maji yaleyale. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa. Ndege inayorudi kwetu husukumwa nayo mgongoni. Inayokwenda hupambana nayo usoni.

Tufe nitaliacha hapa mezani. Pimeni Kisumu hadi Quito, kule Ekwado: ni kama kilomita 12,600. Miji yote miwili imekaa karibu kabisa na ikweta, na hapo mtaona uzi na rula vikipita njia moja.