Fyuzi Haiungui Bure

Marahaba, vijana. Kaeni. Nyie wa nyuma sogeeni, maana nimekuja na amplifaya yenyewe, na haya mambo huelewi mpaka uone.

Hii hapa iliwahi kunitia aibu. Ililetwa kibandani kwangu Alhamisi jioni, muadhini mwenyewe kaifunga nyuma ya baiskeli, na kesho yake Ijumaa. Ukiiwasha, fyuzi inaungua. Nikafungua, nikaona zile transista za kutoa sauti, pea ya 2SC5200 na 2SA1943, nikajisemea hizi ndizo zinazokufaga. Nikanunua mpya, nikalehemu, nikawasha. Pu! Nikaweka fyuzi nyingine. Pu! Hela ya watu imeshatumika, na mita ya kupimia umeme bado iko mfukoni.

Wala sikuwa wa kwanza. Aliyeigusa kabla yangu alikuwa amezungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ile inayopitisha umeme. Sijui transfoma ilisalimikaje. Mliowahi kufanya hivyo msinyooshe mikono, nawajua.

Ile fyuzi ilikuwa imeshasema, mimi ndiye sikuitazama. Ishike kwenye mwanga. Kioo kikiwa safi na waya umekatika tu katikati, mzigo ulizidi taratibu au fyuzi imechoka. Kioo kikiwa cheusi, hapo kuna shoti. Yangu ilikuwa kama masizi ya chungu.

Ndipo nikakumbuka hiki kidude. Ni balbu ya wati 100, ya kizamani, ya waya unaowaka, siyo LED. Imeungwa mfululizo kwenye waya wa laivu unaoingia kwenye amplifaya. Kama amplifaya ni nzima, balbu inamulika mara moja wakati kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zinajaa, halafu inafifia. Ikiendelea kung'aa, shoti ipo, lakini hakuna kinacholipuka kwa sababu balbu imeubeba umeme wote yenyewe. Siku hizi zinaadimika. Ukiikuta dukani nunua mbili.

Yangu iling'aa mpaka kibanda kikawa cheupe. Nikafumua nyaya zinazotoka pawa saplai kwenda kwenye bodi. Bado inang'aa. Maana yake shoti iko kabla ya bodi! Nikazipima zile transista nilizozitoa: nzima zote mbili. Hilo liliuma. Nikafumua nyaya za transfoma zinazoingia kwenye rektifaya, zile dayodi nne zinazopitisha umeme upande mmoja tu, balbu ikazima. Kwa hiyo transfoma nayo ni nzima, na ugonjwa umebanwa katikati: ama dayodi, ama kapasita.

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Dayodi nzima inasoma kama 0.5 au 0.6 upande mmoja, ukigeuza waya haisomi kitu. Tatu zikasoma hivyo. Ya nne sifuri huku, sifuri kule. Bei yake wala haifikii ile ya transista nilizonunua.

Nikabadilisha rektifaya. Transfoma hii inatoa 25-0-25 za AC, yaani volti 25 za umeme wa kwenda na kurudi kila upande wa waya wa katikati. Zidisha 25 kwa 1.41, toa volti moja hivi ya dayodi, unatarajia 34 chanya na 34 hasi. Zikawepo. (Ukikuta pande mbili hazilingani hata kidogo, angalia waya wa katikati wa transfoma, mara nyingi lehemu yake imeachia.) Nikaunga spika: mvumo.

Hapa wengi hukimbilia waya wa maiki. Teremsha volyumu mpaka sifuri kwanza. Mvumo ukibaki palepale, shuku pawa. Halafu usikilize: umeme wetu ni hezi 50, ukipita kwenye dayodi nne unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wa kapasita mbovu una ukali fulani, kama nyuki ndani ya debe. Ule wa waya uliokosa ati, yaani ardhi, ni mzito zaidi, uko chini. Sikio likishazoea, unajua kabla hujagusa mita.

Kapasita ya upande hasi ilikuwa imevimba kichwa. Ile dayodi iliyopiga shoti ilikuwa ikiachia AC ipenye, na kapasita za aina hii hazivumilii kugeuziwa umeme. Nikaweka nyingine ya mikrofaradi 10,000, volti 50. Nanyi mkinunua, ipimeni palepale dukani, maana zipo zilizoandikwa namba kubwa nje na ndani kumefichwa kakapasita kadogo.

Ijumaa iliwahi, ila mimi sikulala.

Haya, maneno yametosha. Asubuhi nimeiharibu makusudi sehemu moja. Nimeijaribu na balbu mbele ya mwalimu wenu, sasa hivi nimechomoa plagi. Njoo wewe mwenye shati la bluu. Unaanzia wapi? Rektifaya, vizuri... Ebu, toa mkono! Kapasita hizo bado zina volti thelathini na kitu ndani. Siyo bisibisi, utaila ncha na kuwatisha wenzako. Chukua ile rizista ya omu 100, ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, gusisha miguu yote miwili. Hesabu mpaka kumi. Sasa pima. Inasoma ngapi?