Jinsi ya Kuchagua Ringi za Baiskeli ya Mbio: Breki za Ringi na Breki za Diski

Karibuni. Leo tunachagua ringi za baiskeli ya mbio. Kabla hujatoa hata shilingi, pindua baiskeli yako na uangalie breki inakamata wapi.

Raba mbili zikibana ubavu wa ringi, hiyo ni breki ya ringi. Ukiona sahani ya chuma kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya diski. Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa: fremu isiyo na mahali pa kufungia kalipa, yaani kifaa kinachobana diski, haitakuwa ya diski kwa kununuliwa magurudumu mapya. Hata habu za nyuma hazilingani. Ya breki za ringi kwa kawaida ina upana wa milimita 130, ya diski 142.

Haya, mwenye breki za ringi, sogea karibu. Unaona huu ukanda unaong'aa ubavuni? Ndio unaosuguliwa na raba. Pitisha kucha kutoka juu kwenda chini, hivi. Ukihisi umebonyea katikati, ringi imelika. Nyingine zina kitundu kidogo cha alama, kama hiki. Kikifutika, badilisha ringi siku hiyo hiyo. Ukuta ukishakuwa mwembamba, presha ya tairi inaweza kuupasua, na huenda ukapasuka ukiwa kwenye mteremko, breki umezishika. Nawaomba msilichukulie jambo hili kirahisi.

Ringi mpya lazima iwe na ukanda huo. Ya diski haina, hata muuzaji akikwambia itafaa. Hesabu pia matundu ya spoki: habu ya 32 inataka ringi ya 32.

Tangu 2018, UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, liliporuhusu rasmi diski katika mbio za barabarani, watengenezaji wamehamia huko, na ringi nzuri za breki za zamani zinazidi kuadimika. Kama fremu yako bado nzima, usiitupe. Nunua ringi za alumini za akiba ungali unazipata. Za kaboni sizipendekezi kwa breki za raba kwenye miteremko mirefu kama ule wa Mai Mahiu kule Kenya, kwa sababu joto la kufunga breki linaweza kuziharibu.

Wenye diski, kwenu ringi haisuguliwi, kwa hiyo tazameni upana wa ndani. Milimita 21 hadi 23 zinakaa vizuri na tairi la upana wa milimita 28 au 30. Spoki zipishane, hata gurudumu la mbele, maana nguvu ya breki inatoka kwenye habu na kupitia kwenye spoki hadi kwenye tairi.

Mwisho, ingiza kidole ukingoni mwa ringi, kwa ndani. Ukingo ukiwa umenyooka, bila kulabu ya kushika tairi, hakikisha tairi limeandikwa kwamba linafaa ringi za aina hiyo, na usizidishe presha ya bar 5, yaani kama psi 72. Soma pia namba iliyoandikwa kwenye ringi yenyewe. Ikiwa ni ndogo zaidi, fuata hiyo.